Wali Ulioungua Mbele ya Kamera

Nimestaafu, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba sijui kupika chakula cha watu wawili. Mume wangu analalamika. Kila jioni sufuria inabaki na chakula, tunawagawia majirani, na majirani nao wamezoea, siku hizi wanapita saa ya chakula wakijifanya wanakuja kusalimia tu. Nimepikia shule ya bweni ya wasichana hapa Bariadi tangu nikiwa mwanamke kijana na mkono wangu haujui tena kipimo kidogo. Ninyi mnaoanza kazi sasa mmeniomba niandike mambo yalivyokuwa. Nitaandika. Habari za kupanda daraja na mshahara sitazigusa. Anayezitaka aende ofisi ya utumishi, zipo kwenye jalada langu na hazina chumvi.

Najua mnachotaka hasa ni habari za televisheni. Mmeniona, au mmesimuliwa, na bodaboda wa pale stendi bado wananiita jina nitakalowatajia baadaye. Nitafika huko. Lakini mtu akianzia kwenye televisheni ataniona mwanamke mkaidi tu, na mimi nataka mjue ukaidi wenyewe niliutoa wapi.

Nilitoka Shishiyu nikiamini najua kupika. Nyumbani nilisonga ugali wa wachungaji wa baba na hakuna aliyewahi kulalamika, ingawa sasa naelewa kwamba mtu aliyeshinda machungani hata kamba ya ng'ombe angeitafuna. Siku ya kwanza kazini nilivaa kitenge kipya. Mkubwa wa jiko alikuwa Mama Ngolo, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Nilimwamkia kwa adabu zote, "Mwangaluka, mayu," kama tunavyomwamkia mama kwa Kisukuma asubuhi. Akaitikia, akakitazama kitenge changu, akanipa majivu na magunzi ya mahindi.

"Ingia," akasema.

"Wapi, mayu?"

"Kwenye sufuria. Unadhani inajisugua?"

Sufuria zetu mnazijua, mtu mzima anaingia na kuchuchumaa. Niliingia na kitenge changu kipya. Wenzangu walipita wakichungulia na kuuliza kama nimeiva. Nilipotoka, Mama Ngolo alipitisha kidole ndani, akakitazama, akaniambia nirudi. Nikarudi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi, na cheti chake ni goti hili la kulia linalouma mvua ikikaribia.

Mwiko wetu ulichongwa na fundi wa Lagangabilili, mrefu kama mpini wa jembe, na kila mpishi alikuwa na wake. Usiazime mwiko wa mwenzako. Si ushirikina, ni kwamba mwiko hulika upande anaousongea mwenyewe, na ukisonga na wa mtu mwingine mgongo wako utakwambia usiku. Maharage yachambueni mchana, msiamini taa. Chumvi ya makande iwekwe mahindi yakishaiva, la sivyo mtachemsha mpaka kesho. Haya hayapo kwenye mwongozo wowote niliowahi kuonyeshwa na mkaguzi.

Moto ndio kazi yenyewe. Jiko la kuni halina kitufe. Ukitaka moto upungue, unainama na kuvuta ukuni. Wali ukikaribia kuiva, unavuta kuni zote, unaacha makaa, unafunika, na makaa yanamalizia kazi taratibu mpaka kengele ya chakula. Chini ya sufuria unabaki ukoko, mkavu, wa rangi ya kahawia, na ukoko ni haki ya wapishi. Hakuna mwalimu anayeuomba. Tuliukwangua tukala tumekaa juu ya ndoo, na nawaambia ukweli, sijawahi kula wali mtamu kuliko ule.

Miezi ya mwanzo maharage yaliungua mikononi mwangu, sufuria nzima, siku ambayo hakukuwa na mboga nyingine. Nilidhani nimefukuzwa. Mama Ngolo aliyaonja, akavua aproni yake, akaifunga upya vizuri, akaenda kusimama kwenye dirisha la bwalo ambako wasichana walikuwa wamepanga foleni na sahani zao za bati. Akasema kwa sauti, "Leo nimeunguza maharage. Mtakula hivyo hivyo, na kesho mtakula vizuri." Hakunitaja. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika upawa.

Kisha akafunga dirisha akanigeukia. Alinisema mpaka nikatamani maharage yale yangeniungua mimi. Alipomaliza akanieleza utaratibu wa jiko lile, na tuliufuata mpaka naondoka: dirishani anasimama mkubwa wa jiko, na kosa ni lake. Ndani, mlango ukifungwa, kila mtu atasemwa kwa jina lake na kwa urefu unaostahili. "Wale wanafunzi hawali majina yenu," alisema. "Wanakula chakula cha jiko."

Mama Ngolo alistaafu, akarudi kwao kulima pamba, nami nikashika nafasi yake. Baadaye akaja Minza kutoka Itilima. Hakuwa msichana, alikuwa mwanamke mwenye watoto wake na mdomo wake. Siku ya kwanza nilimpa majivu na magunzi, nikamwambia aingie kwenye sufuria. Akaniuliza, "Mayu, na wewe uliingia?" Nikamwambia niliingia. "Basi naingia," akasema, "ila ningejua mapema ningevaa suruali." Nilimpenda hapo hapo, na sikumwambia kwa sababu mpishi akisifiwa siku ya kwanza anaharibika. Alipika wali vizuri kuliko mimi. Naandika hapa kwa sababu hatanisikia nikisema.

Kulikuwa na jambo moja lililotuuma pale jikoni. Wageni wa shule walipokuja, wawe wa mkoani au wazazi wa siku ya mahafali, chakula chao kiliagizwa hotelini mjini. Kililetwa na gari, kimefunikwa, na gari lenyewe lilipita mbele ya dirisha letu kwa sababu njia ya kwenda ofisini ni hiyo moja. Sisi tulikuwa na sufuria zinachemka, wao wanapita na vibakuli vyao. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Esta, si mtu mbaya. Anawapenda wanafunzi, na jikoni hajawahi kutunyima kitu alichoweza kutupa. Ila nilipomwuliza alinijibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Mama Shija, mgeni siwezi kumlisha chakula cha bwaloni. Ataona hatumthamini."

Yaani chakula tulichowapa mabinti wa watu kila siku kilikuwa cha watu wasiothaminiwa. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Ndipo likaja tangazo la televisheni. Kituo kimoja cha Dar es Salaam kilikuwa kinaandaa mashindano ya wapishi wa kanda ya ziwa, na raundi zetu zingerekodiwa hapa hapa Bariadi kwenye ukumbi wa mjini. Wapishi waje wawili wawili, mkubwa na msaidizi wake. Watakaovuka wangeenda Dar kwenye fainali. Niliomba ruhusa kwa Mwalimu Esta, akacheka, akaona nipo uso mkavu, akaacha kucheka. "Haya nendeni," akasema. "Mkifika fainali, nakuahidi wageni wote wa shule hii watakula kwenye sufuria zenu." Alisema kama mtu anayemfurahisha mzee. Mimi niliichukua kama ilivyosemwa. Nilitaka gari la hoteli likome kupita mbele ya dirisha langu, na nikamwambia Minza hivyo hivyo, na Minza akasema twende.

Ukumbini tulikuta taa za kutosha kukaushia dagaa. Walitubana vipaza sauti kwenye nguo. Kulikuwa na saa kubwa ukutani inayohesabu kurudi nyuma, na nikagundua mapema tabia ya saa ile: betri ya kamera ikiisha, saa inasimama, kitunguu cha mpishi kikidondoka, saa haina habari. Kila mara tulipofunua kikapu cha vyakula tulitakiwa kushangaa, kisha kushangaa tena kwa ajili ya kamera ya pili. Minza alishangaa vizuri. Mimi niliambiwa nafanana na mtu anayepokea bili ya maji.

Raundi ya kwanza ilikuwa sato na ugali, juu ya jiko la gesi. Ugali ulipoanza kutokota kwa nguvu, mwili wangu ukafanya ulichofanya maisha yote. Niliinama chini ya meza, nikanyoosha mkono kuvuta ukuni. Hakukuwa na ukuni, kulikuwa na mtungi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Minza aliruka akapunguza gesi, na ugali ukasimama, mgumu, mzuri, tukavuka. Lakini yule mwongozaji wa kipindi, kijana wa Dar aliyeitwa Eddy, alinifuata baadaye akiwa na furaha tupu.

"Mama angu, ile ya kuinama ilikuwa noma sana. Kamera ya pili haikuidaka. Unaweza kurudia?"

"Nikikosea tena utaiona," nikamwambia. "Kwa kuagizwa, yaya." Yaya kwetu ni hapana. Alielewa bila kutafsiriwa.

Raundi ya pili kila timu ilitakiwa kupika chakula cha kwao. Tulichagua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, tukaichemsha na karanga zilizotwangwa, na pembeni maziwa mgando. Kabla hatujaanza, Eddy akaja amebeba jembe na shanga. Alitaka tuingie tukicheza ngoma ya majembe, halafu mimi nisimame mbele ya kamera nieleze jinsi nilivyokula michembe utotoni kwa sababu ya njaa.

"Tunahitaji stori, mama. Watu wakilia, watazamaji wanaongezeka. Si mlikuwa mnakula kwa sababu ya shida?"

"Mwanangu, mwenye njaa anakausha nini?" nikamwuliza. "Michembe ni viazi vilivyobaki baada ya watu kushiba. Nyumba yenye michembe ghalani ni nyumba yenye chakula. Unataka niseme baba yangu alishindwa kutulisha, na ghala lake nililifagia mwenyewe?"

"Basi hata jembe tu, uingie nalo."

"Jembe ni la shambani. Jikoni naingia na mwiko."

Minza alikuwa pembeni anajifuta machozi ya kicheko, na nadhani hayo ndiyo machozi pekee waliyopata siku ile. Tukapika. Jaji mmoja, mama mmoja aliyevaa vizuri, aliusogeza mchembe wake pembeni akasema unamkwama kooni. Ni haki yake, koo ni lake. Jaji mwingine, Shefu Salehe, mpishi wa hoteli kwa miaka mingi, alimaliza, akachukua na wa yule mama. Tukavuka tena. Zikabaki timu tatu, na mbili zingekwenda Dar.

Usiku huo nilimwona Mwalimu Esta akiwaambia wageni wakae bwaloni. Nilimwona katika ndoto, lakini vizuri kabisa, mpaka viatu vyake.

Raundi ya tatu ilikuwa kuku wa kienyeji na wali. Kuku nilimshika mimi, wali akaushika Minza, kwa sababu nilishawaambia wali wake ni mzuri kuliko wangu. Mchele ulikuwa wa hapa hapa Simiyu, Minza akaunusa akatabasamu. Alipika kama anavyopika siku zote. Maji yalipokaribia kukauka akapunguza gesi mpaka mwisho, akafunika, akauacha umalizike taratibu, kama tunavyofanya na makaa, akaja kunisaidia kukata nyanya. Mpishi yeyote wa jiko letu angefanya vile vile. Mimi mwenyewe nilimwona na sikuona kosa.

Lakini makaa hupoa na gesi haipoi. Tena kwenye sufuria ya shule ukoko ni safu nyembamba chini kabisa, na juu yake kuna wali wa kulisha mabweni yote. Kwenye kile kisufuria chao ukoko ndio ulikuwa chakula chenyewe. Harufu ilitufikia wote wawili kwa pamoja. Minza alifunua, akafunika haraka, akanitazama. Tulichota juu juu tukapakua kilichofaa, lakini wali ukishaungua harufu haibaki chini, na Shefu Salehe aliweka uma wake mezani polepole kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Timu ya kina mama wa Maswa ilivuka moja kwa moja, walipika vizuri na hawana deni na mtu. Tukabaki sisi na kijana mmoja wa hoteli ya Mwanza ambaye kuku wake alitoka mbichi karibu na mfupa. Ndipo mtangazaji, akitabasamu, akatangaza sheria ambayo hatukuwahi kuisikia. Kila mkubwa wa timu amtaje aliyeiangusha timu. Atakayetajwa anavua aproni na kwenda nyumbani. Anayebaki anaendelea kushindania nafasi ya Dar. Asiyetaja, timu yake inatoka yote.

Kijana wa Mwanza hakuchelewa. Alimtaja msaidizi wake, yule binti akavua aproni akilia, kamera ikamfuata mpaka mlangoni. Yule kijana simlaumu, simsifu pia. Kisha wakanigeukia mimi.

Minza alikuwa amesimama karibu yangu. Alisema kwa Kisukuma, chini chini, lakini kile kipaza sauti kilikuwepo na Mungu alikuwepo: "Mayu, nitaje. Kweli niliunguza mimi. Nitaje, upeleke jiko letu Dar."

Nisiwadanganye, nilitaka kwenda Dar. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nimzae Shija. Jina lake lilikuwa mdomoni, fupi, halina gharama, na mwenyewe alikuwa ameniruhusu. Nililiona gari la hoteli likipita. Nikavua aproni yangu. Watu wakadhani nakwenda. Nikaifunga upya.

"Nimeunguza wali," nikasema.

"Nani ameunguza, mama?" mtangazaji akauliza. "Tunaomba jina."

"Mimi. Hili ni jiko langu. Kikiungua, nimeunguza mimi."

"Lakini tumemwona msaidizi wako akipika wali. Sheria inataka umtaje aliyekosea."

"Sheria yenu nimeisikia. Na mimi nimeshataja."

Eddy akaamuru kamera zizimwe, akaja akichuchumaa mbele yangu kama mtu anayebembeleza mtoto ale. Nadhani kweli alikuwa anatuhurumia. "Mama angu, sikiliza. Ukimtaja Minza, una nafasi ya Dar. Usipomtaja mnatoka wote. Mwenyewe amekubali, nimetafsiriwa alichosema. Ni mchezo tu."

"Kwako ni mchezo," nikamwambia. "Mimi Jumatatu nafungua dirisha la bwalo na wapishi wangu wako nyuma yangu. Nikimtoa mmoja mbele ya nchi nzima ili nionekane msafi, nani atanipikia wali? Kama kutoka ni wote, tunatoka wote. Tulikuja wote."

Shefu Salehe alinifuata nje tukiwa tunavua vile vipaza sauti. Aliniambia, "Mama Shija, na mimi hotelini ndivyo nilivyolelewa. Kosa ni la shefu. Lakini hapa nimeajiriwa kuonja tu." Nikamshukuru. Nilitamani angelisema hayo mle ndani, na nikamwambia hivyo pia, akainamisha kichwa.

Sasa msifikiri Minza alinikumbatia. Alinuna njia nzima. Tulipofika getini akanigeukia. "Umetupotezea, mayu. Mimi si mtoto. Kosa langu ningelibeba, na jiko lingekwenda Dar. Umejali ukubwa wako."

"Nimejali jiko."

"Jiko lingepata wageni."

Ningepewa nafasi tena ningefanya vile vile, na bado angekuwa na sababu ya kukasirika. Jumatatu asubuhi nilifunga mlango wa jiko nikamsema kuhusu ule wali, kwa jina lake na kwa urefu unaostahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijulisha kwamba na kuku wangu alikuwa na chumvi kali. Ilikuwa kweli.

Kipindi kiliporushwa tulikitazama bwaloni pamoja na wasichana. Ile ya kuinama kutafuta ukuni waliirudia mara nyingi, ikiwa na muziki wa kuchekesha, na hapo ndipo nilipozaliwa upya mjini Bariadi kwa jina la Mama Ukuni. Mabishano yangu na mtangazaji waliyakata. Hawakuonyesha sheria yao wala nilivyoikataa. Ilibaki sauti yangu ikisema "Nimeunguza wali," picha ya wali, na sisi tunatoka. Mji mzima ukajua kwamba Mama Ukuni alikwenda kwenye televisheni akaunguza wali. Mwalimu Esta alinipa pole ya kweli kabisa, na mahafali yaliyofuata gari la hoteli likapita.

Minza ndiye aliyeumia zaidi. Kila alipotaka kuwaeleza watu, nilimkataza. Dirishani husimama mmoja, nilimwambia, hatutaanza kupokezana leo. Alinitii kwa kununa, na kwa kununa kwake akapika vizuri kuliko zamani.

Hata siku yangu ya kuagwa ikafika. Waliweka turubai uwanjani na viti vya kuvalishwa vitambaa, wakaniketisha meza kuu na mgeni rasmi kutoka halmashauri. Nilipewa kanga, nikapewa godoro, nikasifiwa na watu ambao hawajawahi kuingia jikoni kwangu. Katikati ya hotuba nikasikia gari. Likaingia getini, likapita mbele ya dirisha la jiko, likasimama nyuma ya turubai, na vijana wa hoteli wakaanza kushusha vibakuli. Nimeilisha shule ile karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na siku ya kuniaga wakaninunulia chakula. Iliniuma, na sikuficha uso wangu.

Mwalimu Esta hakuona. Alikuwa anahutubia, na alitaka kuchangamsha watu. "Huyu ndiye Mama Shija wetu," akasema, "aliyeunguza wali mbele ya Tanzania nzima, na bado tunampenda." Watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya. Mimi nilikuwa nimeshazoea.

"Samahani, Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya Minza. Alikuwa amesimama pembeni mwa turubai na aproni yake, upawa mkononi. "Wali ule niliunguza mimi. Walimwambia anitaje abaki kwenye mashindano, akakataa, wakatutoa wote. Kwenye televisheni walikata. Miaka hii yote amenikataza nisiseme. Leo amestaafu, jiko ni langu, hawezi kunikataza."

Kisha akageuka akarudi jikoni, maana kengele ya chakula cha wanafunzi ilikuwa inagongwa. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilitaka kumfuata nimseme kwa kuvunja utaratibu, na nilitaka kulia. Mwalimu Esta alibaki na kipaza sauti mkononi. Vijana wa hoteli wakaanza kupita na sahani zao za kaure, na mmoja akaniwekea yangu mbele, na kuku, na saladi, na kitambaa kilichokunjwa vizuri.

Nikasimama. Nikavuka uwanja na kanga yangu mpya mabegani, nikachukua sahani ya bati kwenye meza ya bwalo, nikapanga foleni. Msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa mbele yangu akataka kunipisha. Nikamwambia abaki pale pale, amewahi. Ilikuwa siku ya makande. Dirishani nilimwona Minza na upawa wake, macho mekundu, hataki kunitazama.

Nyuma yangu nikasikia viatu vya Mwalimu Esta.

"Mama Shija," akasema kwa sauti ya chini, "tafadhali rudi ukae. Mgeni rasmi anakutazama. Unaniaibisha."

"Mgeni rasmi ana miguu, Mwalimu," nikamwambia. "Chakula kipo, na foleni inaanzia hapa nyuma yangu."

Alisimama pale akilitazama turubai, kisha akalitazama lile dirisha kwa muda mrefu. Foleni ikasogea, nami nikasogea nayo. Nilipogeuka alikuwa ameondoka, nikajua ndiyo basi. Kisha nikamwona kwenye meza ya sahani za bati. Alichukua moja, akasita, akachukua na ya mgeni rasmi.